Nani Apange Ada?

Wazazi wa mjini hulitamka neno ada kama jina la ugonjwa. Tena bora ada yenyewe; kazi iko kwa wanawe: mchango wa jengo, rimu, mitihani ya majaribio, basi, fulana ya michezo. Ukiwajumlisha, watoto wanamzidi mama.

Mdogo wangu alisoma sekondari moja ya binafsi hapa Dar, sitaitaja. Muhula wa pili akarudishwa nyumbani saa nne asubuhi na bahasha mkononi: ada imepanda, katikati ya mwaka, bila kikao. Baba akaenda. Mhasibu akamwambia kwa upole kabisa, "Mzee wangu, hii ni shule ya binafsi, hukulazimishwa." Jibu lile liliniuma kwa kuwa lilikuwa na nusu ya ukweli. Lakini dogo yuko kidato cha tatu, kasajiliwa, madaftari yamejaa. Mwezi wa saba unamhamishia wapi? Mwenye duka akipandisha sukari unavuka barabara tu. Dogo alikaa nyumbani wiki mbili.

Mwaka 2016 hapa nchini ulivuma mjadala wa ada elekezi, wenye shule wakilalamika kupangiwa bei. Nami na hasira zangu nikataka kujua: hivi waliofikishana mahakamani kwa jambo hili waliambiwa nini? Nikakuta India ndio mabingwa wa kesi hizi.

Chukua jimbo la Rajasthan. Sheria yao ya 2016 inaweka kamati ya ada ndani ya shule, wazazi watano na watano wa upande wa shule. Ada ikipita kwenye kamati inadumu miaka mitatu. Wenye shule wakaipinga. Mei 2021 Mahakama ya Juu ya India ikaiacha sheria isimame, baada ya kupunguza makali ya vifungu kadhaa. Papo hapo ikaitupa amri ya serikali ya jimbo iliyotaka wazazi walipe asilimia 60 au 70 tu ya ada ya masomo wakati wa Korona. Badala yake ikasema: kateni asilimia 15 ya ada ya mwaka ule, maana shule zilipofungwa umeme, maji na petroli viliokolewa, na mtoto asizuiwe kuingia darasani kwa sababu ya deni. Nilipofika hapo nikasema kwa sauti, "Haya sasa!" Mimi ningeanzia hapo.

Lakini kesi iliyonikaa ni ya zamani zaidi, na inabeba jina la msichana: Mohini Jain. Yeye alitafuta nafasi katika chuo cha udaktari cha binafsi jimboni Karnataka. Kwa nafasi za serikali ada ilikuwa rupia 2,000 kwa mwaka. Wenyeji wa jimbo walioingia nje ya nafasi hizo, hadi 25,000. Wageni kutoka majimbo mengine, hadi 60,000. Na viwango hivyo, jamani, vilitangazwa na serikali yenyewe! Mohini alitoka Meerut, kaskazini kule. Baba yake akasema hana uwezo, mlango ukafungwa.

Binti akaenda Mahakama ya Juu. Majaji wakasema elimu imo ndani ya haki ya kuishi, na kuuza nafasi ya masomo ni kinyume cha katiba. Mwaka 1993, katika kesi ya Unni Krishnan, majaji wengine wakaibana haki ile iishie kwa watoto wa miaka 14. Mwaka 2002 vyuo na shule zikarudishiwa uhuru wa kujipangia ada, mradi zisilangue.

Wanaoisifu kesi ya Mohini ni nadra kutaja ukurasa wake wa mwisho. Yeye aliomba chuo kiamriwe kumpokea. Majaji wakakataa: hakuchaguliwa kwa ushindani wa alama, tena masomo yalikuwa yameanza tangu Machi na Aprili 1991. Hukumu ilitolewa tarehe 30 Julai 1992. Wenzake walikuwa wameshasoma zaidi ya mwaka.