Nani Atashika Usukani?

Jamani, nianze kwa kukiri: wazo la safari hii halikuwa langu, nililiiba. Rafiki yangu niliyesoma naye sekondari hapa Tanga alikwenda Australia kimasomo, akaoa, akahamia moja kwa moja Adelaide. Kila mwaka ananitumia picha, yeye na mkewe wakiwa Barossa, bonde la mizabibu lililo mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka kwao. Kofia pana, glasi mkononi, na nyuma yao mizabibu imepangwa safu kwa safu mpaka jicho linachoka. Mke wangu akiziona picha zile husema neno moja tu: "Wenzetu." Ukishaambiwa "wenzetu" na mwanamke wa Tanga, ujue umeshtakiwa.

Mwezi wa saba ndoa yetu ilikuwa inatimiza miaka sita. Nauli ya Australia sina, siwezi kukudanganya. Ndipo nikakumbuka kwamba sisi watu wa mkoa huu tuna mvinyo wetu nyuma ya nyumba, ila tumezoea kuiona Lushoto kama mahali pa kununulia kabichi na viazi. Nje kidogo ya Soni kuna Sakharani, shamba la watawa wa Kibenediktini, wanakotengeneza mvinyo na kulima makadamia. Ukipanda zaidi, kabla hujaingia Lushoto mjini, kuna St. Eugene's kwa masista, wenye jamu, jibini na mvinyo wa ndizi. Najua utasema mvinyo wa Tanzania ni Dodoma. Ni kweli, na kule zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo rafiki yangu wa Adelaide aliligomea kabisa, maana mzabibu wa kwao hulala wakati wa baridi na kuzaa mara moja. Lakini kutoka Tanga hadi Dodoma unamaliza kutwa nzima barabarani, na sisi tulikuwa na siku tatu tu.

Nikamwomba ushauri. Akaniandikia ujumbe mrefu kama nasaha za mjomba kwenye harusi. Msizidi sehemu tatu kwa siku, ulimi unachoka. Pigeni simu kabla ya kwenda. Kuleni kwanza. Anzeni na mvinyo mweupe mwepesi, mwekundu mzito uje baadaye, mtamu mwisho. Kutema si aibu, ndiyo maana wanaweka ndoo. Na kuna moja alilolirudia mara mbili: kabla hamjatoka nyumbani, amueni nani haonji. Kwao mwisho wa kiwango cha pombe kwenye damu ya dereva ni 0.05, na askari anaweza kukusimamisha saa yoyote akupe kifaa upulize. Kwa hiyo watu hukodi dereva, au wanapanda basi dogo la watalii.

Nikanunua daftari. Nikaandika kila kitu: kuondoka alfajiri, Segera, Korogwe, chai Mombo, Sakharani Jumamosi, maana Jumapili asubuhi watawa wako ibadani, mtoto abaki kwa bibi yake Chumbageni. Niliandika mpaka masweta. Lile la nani haonji sikuliandika. Sikulisahau, niliona halinihusu. Miaka sita yote gari naendesha mimi.

Hilo la kutema nalo lilinichekesha. Mtu wa pwani kutema! Kwetu mnazi ukishushwa asubuhi ni mtamu kama soda, jioni umeshapata makali, kesho yake unakaribia siki, kwa hiyo unanywa ungali na uhai wake. Babu yangu kule Pangani alikunywa namna hiyo miaka yote, na sikumbuki mtu aliyemwita mlevi. Lakini babu alikuwa akirudi nyumbani kwa miguu. Mimi nilirithi unywaji wake nikaupakia kwenye gari.

Sakharani kulikwenda vizuri. Hewa ya baridi, miti mirefu, utulivu ambao ulitufanya tuongee kwa sauti ya chini bila kuambiwa. Tukanunua chupa tatu na mfuko wa makadamia, tukateremka Soni kutafuta chakula. Pale hotelini, tukisubiri wali na nyama ya mbuzi, nikafungua chupa moja. "Tuonje tu," nikasema. Mke wangu akanywa mafunda mawili, akasema mkali kidogo ila mzuri, akaisukuma glasi pembeni. Mimi nikaendelea kuonja.

Tulipomaliza nikatoa ufunguo mfukoni. Yeye akabaki amesimama kando ya barabara na mkoba wake begani.

"Panda basi mama, tunachelewa."

"Sipandi."

"Kwa glasi tatu?"

"Nimekuhesabia, nne. Na hiyo ya mbele uliyopita wewe asubuhi ukiwa mzima ndiyo barabara ile ile."

Kama hujawahi kupita barabara ya Mombo hadi Lushoto, ni kilomita 33 hivi za lami iliyochongwa ubavuni mwa mlima. Kona juu ya kona, upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde, na malori ya mboga yanateremka. Nikamwambia naijua kama kiganja changu. Hakujibu. Akasimamisha Hiace iliyokuwa inapandisha, akajipenyeza, mlango ukafungwa. Nikabaki na chupa mbili na makadamia.

Nilikasirika, sitaki kujipamba. Nilikaa kwenye gari saa nzima nikimtungia maneno. Nilitia ufunguo, nikautoa. Ukungu ulipoanza kushuka nikamwomba mwenye hoteli anilindie gari, nikapanda daladala ya Lushoto, nimebanwa kati ya matenga ya karoti.

Nyumba ya wageni nilimkuta amejifunika blanketi, anakunywa chai. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonimaliza. Mke wangu ni muuguzi. Akaniambia kwamba kila Ijumaa, ninapokuwa Raskazone na washikaji, yeye hulala baada ya kusikia geti. Simu ikiita usiku kabla ya geti, hupiga hesabu ni nani yuko zamu mapokezi, nani atanipokea. Miaka sita. Nikamuuliza mbona hukusema. "Ungesema unaijua barabara kama kiganja chako," akanijibu.

Halafu akauliza, "Unajua kwamba nina leseni?" Nilijua. Niliijua kama mtu anavyojua tarehe ya vita fulani. Aliipata kabla sijamwoa, na mimi sikuwahi kumpa ufunguo hata kwenda sokoni.

Jumapili baada ya misa tukashuka Soni kwa daladala, akachukua gari. Kona tatu za kwanza nilikuwa nakanyaga breki isiyokuwepo. Ya nne akanitazama, nikarudisha mguu. Kwa masista tukachukua mvinyo wa ndizi, tukapitia shamba la Irente kuchukua jibini na mkate mweusi, tukaenda kukaa kwenye jabali la Irente. Chini yetu tambarare imelala mpaka mbali kabisa, na magari ya barabara kuu yanaonekana kama siafu. Nilikunywa kidogo. Yeye alikula jibini lote.

Nikamtumia rafiki yangu picha. Akauliza dereva alikuwa nani, nikamwandikia jina la mke wangu.

Sasa usije ukadhani nimeokoka. Ijumaa gari naliacha kazini na kurudi na bajaji, na washikaji wamenitania mpaka wamechoka. Mwezi uliopita nilivunja ahadi mara moja, kulikuwa na mvua na bajaji hazikuwepo. Nilipofungua geti taa ya chumbani ilikuwa inawaka. Hatukusemezana mpaka Jumapili.

Chupa mbili za Sakharani bado ziko kabatini. Amesema zifunguliwe mwakani, kule kule juu, na daftari atashika yeye. Ukurasa wa kwanza ameshaandika: dereva, mume. Mwaka huo anaonja yeye.