Niliacha mshahara nikashika kamera

Samahani, nimekuwa kimya. Mwezi Machi niliacha kazi ya kuandika programu Nairobi, nikarudi Kitui na kamera moja.

Je, inalipa? Picha za pasipoti zinanunua unga. Pesa zenyewe ziko kwenye ntheo, siku ya kupeleka mbuzi kwa kina msichana, nazo hujaa Agosti na Desemba watu wakiwa likizoni. Miezi mingine ni kuomba Mungu tu.

Agosti nilipiga picha za ntheo moja Wote, Makueni. Usiku memori kadi ikakataa kusomeka. Mimi, niliyekuwa nikigombeza wenzangu kazini kwa kutoweka nakala! Nilikesha na PhotoRec, nikapata nyingi, lakini za nyanya wa msichana hazikurudi hata moja.

Nilimpigia mamake nikamwambia ukweli. Akanyamaza, halafu: “Kuja umpige tena, mwanangu. Bado yuko.”

Jumapili nikapanda matatu mbili kupitia Machakos. Nyanya alikuwa amevaa leso ileile, ameketi chini ya mwembe, ananingoja. Nauli ilikula faida yote.

Sasa natafuta kamera inayoshika kadi mbili, hata kuukuu.