Barua kutoka Section 58

Dada Mwanaisha,

Tulifika Nakuru salama, watoto wazima, ila baridi ya asubuhi huku haitaki mchezo. Tumefikia Section 58, upande wa mashariki wa jiji. Ndiyo, jiji: Nakuru ilipewa hadhi hiyo tarehe 1 Desemba 2021.

Jana mvua ilipiga kweli kweli, na leo nikatoka kuangalia mtaro wa nyuma ya nyumba. Chupa za soda na vifuniko nilivitarajia. Lililonishtua ni gunia. Viazi na karoti huku hufungwa kwenye magunia ya plastiki, na yakichakaa watu huyapandia sukuma wiki au huyatandika mlangoni kwenye tope. Nililishika moja lililoliwa na jua, likamomonyoka papo hapo. Nyuzi zake zilining'ang'ania vidoleni, nyembamba kuliko unywele, na nilipochovya mkono kwenye maji zikaenda nayo.

Hiyo ndiyo mikroplastiki: vipande visivyofikia milimita 5. Vingine hutoka kwenye nguo za poliesta tunapofua, vingine kwenye matairi yanaposuguana na lami, kisha mvua inavisomba vyote.

Kinachonitia hofu ni umbile la mahali penyewe. Mlima Menengai uko juu, Ziwa Nakuru liko chini, mji umelala katikati kwenye mteremko, na jaa la Gioto liko huko juu upande wa Menengai. Ziwa halina mto hata mmoja unaotoka. Maji hupanda hewani kwa jua. Vilivyokuja nayo hubaki. Heroe wadogo, wale ndege wa waridi waliolipa ziwa jina duniani, huchuja maji kwa mdomo wakitafuta mwani usioonekana kwa macho. Sioni mdomo huo utaukataaje uzi wa plastiki wenye ukubwa uleule.

Sheria zipo, na naziunga mkono kwa moyo wote. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017. Tangu tarehe 5 Juni 2020, hairuhusiwi kuingia na chupa za plastiki za kutumia mara moja kwenye mbuga za taifa, hii ya Ziwa Nakuru ikiwemo. Lakini chupa anayozuiwa nayo mgeni langoni inaweza kufika ziwani kwa mtaro, tena ikiwa imeshasagika. Ndiyo maana naona sheria ya taka ya mwaka 2022 ina uzito zaidi: inataka taka zitenganishwe pale zinapotoka, na mtengenezaji abebe jukumu la bidhaa yake hata baada ya kuiuza.

Hapo ndipo kaunti ikaze mkono. Uzi ukishafika ziwani, hakuna wa kuutoa. Mitaro izibuliwe kabla ya masika, iwekewe nyavu za kunasa taka, nazo zisafishwe baada ya kila mvua. Vijana wanaookota chupa mitaani walipwe bei ya maana kwa kilo, maana hao ndio wanaoiwahi plastiki ingali nzima.

Nawe dada, viazi vya huku vikikufikia hapo Kongowea, tafadhali usiliache gunia uani. Likunje, uliuze au ulitumie ndani ya nyumba, kabla jua halijaanza kulila.

Ndugu yako akupendaye.