"Umeshatembea wapi?" Swali lililoniumbua

Mpenzi msomaji, wiki hii nakuletea kisa changu mwenyewe, siyo cha rafiki yangu wala cha "jamaa mmoja". Nimeamua kukisema kwa sababu najua wengi wenu kinawakuta kila mnapotoka na mtu mpya.

Lile swali mnalijua. Mmeshaagiza soda, mmeshaulizana mnakaa wapi, mnafanya kazi gani, kwenu mmezaliwa wangapi. Maneno yanaisha. Hapo ndipo mmoja anatupia: "Enhe, na wewe umeshatembea wapi na wapi?"

Wazee wetu hawakuulizana hivyo. Wao walianza na "kwenu wapi?" Walitaka kujua unatoka kijiji gani, ukoo gani, mjomba wako nani. Sisi wa mjini tumeligeuza. Hatutaki kujua mtu ametoka wapi, tunataka kujua amefika wapi. Ukisema Dubai, unapanda chati. Ukisema Zanzibar, umepata pasi maki. Ukisema Chalinze, mwenzako anaanza kuchungulia simu yake. Na tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar na Dodoma mwaka 2024, wapo wanaokwenda na kurudi siku hiyo hiyo, shida yao picha tu.

Basi mimi swali hilo lilinikuta Coco Beach, Jumapili jioni, sahani ya mihogo ikiwa katikati yetu. Bibie tulikutana kwenye kikao cha harusi ya binamu yangu. Msichana mpole, anacheka kwa macho. Nilikuwa nimemzimia vibaya sana, na siku hiyo hata viatu nilikuwa nimeazima. Sasa mtu aliyeazima viatu atashindwa kuazima safari?

"Zanzibar," nikajibu haraka. "Nimekwenda mara mbili."

Ukweli ni kwamba mimi nakaa Kigamboni. Kila asubuhi navuka na pantoni kwenda Magogoni, na boti za Unguja tunapishana nazo pale pale mlangoni mwa bandari. Nawaona abiria wamesimama nyuma wanapiga picha. Ni mwendo wa masaa mawili hivi tu, lakini miaka yote hiyo mimi kazi yangu ilikuwa kuwapungia mkono. Nauli ikipatikana, kodi ya chumba nayo inabisha hodi.

"Eh! Ulifikia wapi?" akauliza.

"Sikulala. Nilikwenda na boti ya asubuhi, nikarudi na ya alasiri."

"Ukala nini?"

Nikaona hapa ndipo pa kujitanua. Nikazimwaga fiksi bila breki: mishikaki, pweza, pizza ya Zanzibar, juisi ya miwa, vyote nimevila Forodhani, jua la saa saba mchana, upepo wa bahari unapuliza, mambo safi.

Bibie akaurudisha muhogo kwenye sahani. "Forodhani, saa saba mchana?"

"Ndiyo."

"Ulikula na nani, na paka?"

Kumbe mama yake mkubwa ameolewa Unguja, na yeye likizo zake zote za shule alizimalizia Mji Mkongwe! Akanieleza taratibu, kama mwalimu wa chekechea, kwamba wauzaji wa Forodhani wanapanga meza zao jua likizama, taa zinawashwa, watu wanakula usiku. Mchana utakuta bustani na watu waliojikalia kivulini.

Niliumbuka, msomaji. Nikajaribu kuchekacheka, yeye hakucheka. Akaniambia, "Sikukuuliza ili nijue kama una hela. Nilikuuliza nikujue. Sasa umenisimulia habari za mtu ambaye hayupo."

Akachukua mkoba wake. Nikaona huyu akisimama tu, basi. Nikamwomba akae kidogo nimwambie safari yangu ya kweli. Ninayo moja tu.

Mwaka niliomaliza kidato cha nne, mama alinikatia tiketi ya treni, daraja la tatu, Dar mpaka Kigoma. Ile reli ya kati ambayo Wajerumani walianza kuijenga hapa Dar mwaka 1905 wakaifikisha Kigoma mwaka 1914, zaidi ya kilometa 1,200. Nilikuwa na mkate, chupa ya maji, na jina la mtaa mmoja wa Ujiji kwenye kipande cha daftari. Sikuwa nakwenda kutembea. Nilikuwa namfuata baba. Alikwenda huko kununua dagaa nikiwa darasa la tatu, hakurudi.

Saranda watu walinunua kuku dirishani, mimi nikatafuna mkate. Usiku baridi ilinipiga mpaka meno yakagongana. Mama mmoja niliyekaa naye kiti kimoja, nisiyemjua hata jina, alinifunika kanga yake, na aliposhuka Tabora aliniachia. "Utanirudishia siku nyingine," akasema, utadhani tunakaa mtaa mmoja.

Baba nilimpata. Ana mke, ana watoto wawili, na wa kwanza amempa jina langu. Mpaka leo sijui kwa hilo nifurahi au nikasirike. Nilikaa siku tatu. Walinipikia migebuka, wakanitandikia mahali pazuri. Kuhusu nyumbani aliniuliza jambo moja tu: "Mama yako hajambo?" Siku ya kuondoka akanipa galoni ya mawese nimpelekee.

Mama aliipokea, akaisukumiza nyuma ya mlango wa jikoni. Hakuuliza neno. Baada ya mwezi hivi nikarudi jioni nikakuta maharage yana ile rangi ya mawese. Tukala kimya. Tangu siku hiyo mama hakukaa tena barazani jioni kusubiri mtu.

Hayo ndiyo niliyomwambia bibie, na sikuwahi kumwambia mtu mwingine. Mihogo ilipoa kabisa. Mwishowe akasema, "Sasa mbona hukuanza na hiyo?"

Siku ile sikuwa na jibu. Leo ninalo. Nilikuwa naogopa kwamba nikisema nilifika Kigoma, atajua nimetoka wapi. Kumbe swali la wazee na swali letu ni lile lile, tumelivalisha miwani ya jua tu.

Sitawadanganya kwamba alinikumbatia palepale. Aliniambia atafikiria, akapanda daladala yake. Ilichukua miezi kuniamini tena, na mpaka leo nikimpigia kusema nipo njiani, nimeshafika Posta, ananiuliza, "Posta ya kweli au Forodhani mchana?" Na kwa kweli kuna siku inakuwa Forodhani mchana, bado nipo nyumbani natafuta shati. Nakiri hapohapo. Nimejifunza kwamba uongo mdogo ukikiriwa mapema hauli nyumba.

Nauli ya boti tunaichanga kidogokidogo, kila mtu ya kwake. Tutakula usiku.

Kwa hiyo vijana wenzangu, swali la safari siyo baya, ulizaneni. Ila msiishie kwenye "wapi". Muulize mwenzako alikwenda kufanya nini, alikaa na nani kitini, alirudi na nini mkononi. Aliyekwenda Dubai atakuwa na la kusema, na aliyekwenda Morogoro kumuuguza bibi yake wiki sita naye atakuwa na la kusema. Hapo ndipo utamjua mtu, na siyo pochi yake. Dada zangu mnaolitumia swali hilo kama mzani wa bucha, mtapimiwa mifupa: wenye fiksi ndio wanaojibu vizuri kuliko wote.

Na wewe unayeulizwa, kama hujafika, sema hujafika. Zanzibar haihami bwana, ipo palepale.

Tukutane wiki ijayo.