Nilituma Picha ya Jana

Mathe aliposikia kazi ninayofanya, alinyamaza kwa simu kama sekunde tano hivi, halafu akauliza, "Ati unalipwa kukaa na paka?" Nikamwambia ndio, na mbwa pia. "Na wenyewe wameenda wapi?" Mombasa, ushago, Uingereza kuona wajukuu, inategemea. Akanyamaza tena. "Sawa baba. Bora usiibe."

Simlaumu. Kwetu Kayole tulikuwa na mbwa mmoja wa ploti nzima, anaitwa Simba, kama nusu ya mbwa wote wa Kenya. Simba alikula ugali uliobaki, akalala kando ya tangi la maji, na sikumbuki siku hata moja mtu akimuuliza ameamkaje. Paka naye alikuwa wa panya. Ukimpata amelala kwa kiti mchana, unamuuliza kama kazi imeisha.

Kwa hivyo mimi kuingia hii biashara ilikuwa ajali. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimetembeza vyeti hadi bahasha ikachakaa, na rafiki yangu mmoja akaniambia kuna familia Lavington inasafiri Krismasi na inatafuta mtu mwaminifu wa kukaa na mbwa wao. Si unajua venye Nairobi inakuwaga Desemba. Watu wote wanapanda magari kwenda ushago, mji unabaki na walinzi na mbwa. Shilingi 700 kwa siku, siku 12. Nikapiga hesabu haraka: 8,400, na maji ya moto juu. Nikasema niko.

Huyo mbwa aliitwa Duke. Mkubwa, mweusi, na ana shampuu yake. Mimi sikuwa na shampuu. Kwa mlango wa friji mwenye nyumba alikuwa amebandika karatasi ya maagizo mrefu kuliko mkataba wa nyumba, na katikati yake imeandikwa kwa wino mwekundu: HAKUNA KITUNGUU, HAKUNA CHOKOLETI, HAKUNA ZABIBU. Nikacheka. Nikasema hawa matajiri nao. Jioni nikajinunulia nyama na kachumbari, Duke akaniwekea macho yale ya huruma, na nilikuwa tayari nimeshika kipande nimpe. Sijui ni nini kilinizuia. Nikampigia daktari wa wanyama ambaye namba yake ilikuwa kwa hiyo karatasi, nikamuuliza kama mtu anayeuliza kwa niaba ya rafiki. Akanieleza pole pole kwamba kitunguu, kiwe kibichi au kimepikwa, kinaharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Zabibu zinaweza kuua figo. Chokoleti inasumbua moyo.

Nilikaa kwa ngazi za jikoni nikamfikiria Simba. Tulimpa mabaki yenye vitunguu maisha yake yote. Alikufa nikiwa darasa la 6, na hakuna mtu aliuliza amekufa na nini.

Basi Duke akala chakula chake, mimi nikala changu.

Sitakudanganya, kuna raha. Kutembea na Duke asubuhi ilikuwa kama kutembea na rais, watu wote wanavuka barabara. "Huyo anauma?" wananiuliza wakiwa mita 20. Siku moja tukakutana na mbuzi wawili wanakula nyasi kando ya barabara, na Duke akaamua leo ni leo. Mimi kamba nimejizungushia mkononi kama mjinga. Nilijipata kwa mtaro, tope hadi masikioni, na mama anayeuza mahindi ya kuchoma anacheka akishika mbavu: "Kijana, hebu niambie, nani anamtembeza mwenzake?" Tangu siku hiyo sifungi kamba mkononi. Naishika tu. Mbwa akitaka kwenda kuliko ninavyotaka kubaki, afadhali aende peke yake.

Lakini raha kubwa ilikuwa kitu kingine. Wakati huo nilikuwa nimetuma maombi ya kazi mengi sana, na majibu ni ile barua moja ya "tutakupigia." Halafu unatoka kununua maziwa, dakika 10 tu, unarudi, na kuna kiumbe nyuma ya mlango kinaruka kama umetoka vitani. Duke hakujua mimi sina kazi. Manze, hicho kitu kinasaidia mtu.

Baada ya hapo kazi zikaja zenyewe, mteja mmoja ananipeleka kwa mwingine. Februari nikapewa samaki 6 South B. Nikasema hii sasa ni likizo. Maagizo yalisema chakula kidogo mara moja kwa siku. Mimi nikaona hawa wananyanyaswa. Kwetu mgeni halali njaa. Nikawapa asubuhi, mchana na jioni. Siku ya 4 maji yakawa kama ya kuoshea mchele, siku ya 5 samaki 2 wanaelea. Kumbe chakula wasichokula kinaoza humo humo kwa maji wanayopumulia. Mwenye samaki nilimwambia ukweli siku hiyo hiyo, kwanza kwa sababu samaki wanahesabika. Akasema ni sawa, akanilipa, na hajawahi kunipigia tena.

Nakuambia hiyo ya samaki ili uelewe kilichofuata. Nilitoka South B nikiwa nimejifunza somo mbaya: ukisema ukweli, unapoteza mteja.

Aprili nikapata Mwalimu. Ni mama mstaafu, anaishi fleti moja Kileleshwa, ghorofa ya chini. Binti yake alikuwa amejifungua Eldoret na alihitaji siku 9 akamsaidie. Paka wake anaitwa Senata, mnene, rangi ya chungwa, uso wa mtu anayedaiwa. Mwalimu akaniambia alikuwa paka wa marehemu bwanake, na kile kiti cha kona kilikuwa cha mzee, sasa ni cha Senata, kwa hivyo nisikikalie. Nikamwambia sawa Mwalimu. Siku ya 1 nikapiga picha 4 za Senata kwa kiti chake. Alipendeza sana, jua limepiga pazia.

Siku ya 2, saa tisa mchana, keateka akaja kutengeneza mfereji wa jikoni. Akatoka kuchukua spana, akaacha mlango wazi. Mimi nilikuwa kwa simu nahariri video. Nilipoinua macho, kiti kilikuwa kitupu.

Nilitafuta hadi nikajichukia. Chini ya vitanda, nyuma ya meko, ndani ya kabati, chini ya kila gari, kwa mapipa ya taka. Nilizunguka na mkebe na kijiko nikigonga kama muuza mayai. Soja wa geti nikamwahidi 500. Giza likaingia. Saa mbili usiku simu ikalia, ujumbe wa Mwalimu: "Kijana wangu, Senata yuko aje leo? Amekula?"

Nilikaa na hiyo simu muda mrefu. Halafu nikafungua picha, nikachagua moja ya jana, nikatuma. "Amekula vizuri Mwalimu. Ndio huyo amelala."

Akajibu, "Asante sana. Sasa nami naweza kulala."

Wueh. Mimi sikulala.

Siku ya 3 ikaamka na mvua, ile ya Aprili isiyo na huruma. Nikaanza kusoma mtandaoni kuhusu paka waliopotea, na nikakutana na kitu kilichonitoa jasho: paka asipokula siku mbili tatu, hasa akiwa mnene, ini lake linaweza kuanza kuharibika. Na Senata alikuwa mnene. Nikatoka tena kwa mvua. Hakuna.

Jioni ikafika, na simu ikalia saa ile ile. "Yuko aje leo?"

Nikafungua picha. Na hapa ndipo nilijishtua mwenyewe, kwa sababu nilijipata napiga hesabu. Siku zilizobaki ni 7. Picha zilizobaki ni 3. Nilikuwa naangalia ni ipi naweza kuikata kidogo pembeni ionekane ni ya siku tofauti. Mimi kazi yangu nyingine ni hii, kuweka vitu mtandaoni, na najua vizuri picha inaweza kudanganya bila kuguswa hata kidogo. Inatosha kubadilisha siku. Tunafanya hivyo kila wakati. Unaweka picha ya Diani ya mwaka jana ukiwa kejani unakula mkate mkavu. Lakini pale nilikuwa namfanyia mama mmoja ambaye anategemea hiyo picha ili alale, na kila usiku anaolala ni usiku mmoja zaidi paka wa bwanake yuko nje.

Nikapiga simu. "Mwalimu, Senata alitoka jana."

Kimya. Nyuma nasikia mtoto mchanga analia.

"Jana saa ngapi?"

"Saa tisa mchana."

"Na picha uliyonitumia?"

"Ilikuwa ya juzi, Mwalimu. Naomba unisamehe."

Kimya kingine, kirefu. Nilikuwa nasubiri anitukane. Akasema, "Umeangalia D4?"

"D4?"

"Panda ghorofa ya 4, mlango wa kushoto. Tuliishi huko miaka 11. Nilishuka hapo chini mzee alipofariki, sikuweza zile ngazi. Senata akitoka, anarudi kwa mlango wa baba yake."

Nilipanda ngazi mbili mbili, simu mkononi. Nje ya D4 kulikuwa na rafu ya viatu, na nyuma ya rafu, kati ya mtungi wa gesi na ukuta, macho mawili. Alikuwa amejaa vumbi, amenuna, na amepungua. Mtoto wa hao wapangaji wapya akafungua mlango akasema, "Kumbe ni wako? Amelia usiku wote, tulidhani ni wa jirani." Nilipomshika Senata alinichana mkono kutoka kiwiko hadi kidole. Nilistahili. Nikamfunga kwa sweta yangu nikamshusha.

Mwalimu alikuwa bado kwa simu. Nilipomwambia tumefika ndani, mlango umefungwa na Senata ananusa chakula, akashusha pumzi. Halafu akaongea kwa ile sauti ya darasani. "Ungeniambia jana, angelala kwake jana. Paka kutoroka ni ajali, inaweza kunipata hata mimi. Ile picha uliichagua."

Aliporudi nilitaka kumrudishia pesa. Akakataa. Akasema kazi nimefanya na pesa ni yangu, ila nisitarajie aniambie mambo ni sawa. Kisha akanishukuru kwa kupiga, akafunga mlango. Miezi 4 sikusikia kutoka kwake.

Kwa hivyo kama unafikiria kuingia hii kazi, na watu wengi wananiuliza kwa sababu wanaona tu ile sehemu ya maji ya moto, hivi ndivyo ninavyofanya siku hizi.

Sichukui mnyama kabla ya kukutana na mwenyewe nyumbani. Namuuliza chakula, namba ya daktari, na nani atalipa kukiwa na dharura usiku. Halafu namuuliza swali ambalo sikuwa nalijua: akiogopa, huwa anajificha wapi? Na alikuwa anaishi wapi kabla ya hapa?

Naomba kuona kadi ya chanjo. Kichaa cha mbwa si cha mbwa peke yake, hata paka anaweza kukuambukiza, na dalili zikishaonekana kwa mtu karibu kila mara ni kifo. Mwaka 2014 Kenya ilianza mpango wa kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na huo ugonjwa kufikia 2030, na chanjo ya mbwa ndiyo msingi wake. Ukiumwa au ukichanwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mimi Senata aliponichana nilianza na sabuni, ndio nikaenda kutafuta kadi yake.

Fundi akija, paka anafungiwa chumbani kwanza. Mnyama akipotea Nairobi, pamoja na kuuliza majirani na soja, wasiliana na KSPCA kule Karen, wanapokea wanyama waliopotea na waliotupwa.

Na mwenyewe anaambiwa ndani ya saa ya kwanza. Wewe umemjua huyo mnyama siku 2, yeye amemjua miaka 11. Ukimficha habari, umejinyima mtu pekee anayejua pa kutafuta.

Agosti simu ililia, nikaona jina la Mwalimu, tumbo likanikata. Mjukuu anabatizwa Eldoret, siku 5. "Nitakuachia Senata," akasema. "Lakini picha sitaki. Utanipigia kwa video kila jioni saa mbili, na nimwone akipumua."

Nilimpigia saa mbili kasoro tano, jioni zote 5.