Mkanda wa Shemeji: Siku Tatu Mwanza Tukisaka Ngozi

Mwanza wengi tunaijua kwa mawe, sato na upepo wa ziwa. Wapenzi wanakwenda pale, wanapiga picha na Jiwe la Bismarck, wanakula samaki, wanatazama jua likizama wakiwa Capri Point, kesho yake wanarudi Dar. Mimi na mume wangu tulikwenda kwa shughuli ambayo hakuna wakala wa safari angetupangia: kumtafutia kaka yake mkanda wa kubebea risasi za shotigani.

Usishtuke, mpenzi msomaji. Hakuna jambazi katika ukoo. Shemeji anaishi Texas, mwaka wa kumi na moja sasa, na wikiendi zake anacheza mchezo wa kulenga shabaha kwa mtindo wa makauboi. Chama kinachousimamia, Single Action Shooting Society, kilianzishwa California mwaka 1987. Mchezaji lazima avae kama watu wa Marekani ya karne ya 19, ajipe jina la kisanii, na atumie silaha za mtindo wa zamani: bastola mbili, bunduki ndefu na shotigani. Shabaha ni vibao vya chuma, na saa inahesabu sekunde.

Hapo ndipo mkanda unapoingia. Sheria yao hairuhusu shotigani kujazwa zaidi ya risasi mbili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mchezaji anapiga mbili, anachomoa mbili nyingine kiunoni, anaingiza, anapiga tena. Mkanda ukiwa mbaya, bunduki nzuri haimsaidii.

OMBI LILILOPITIA KWANGU

Shemeji hakuja kumzika baba yao. Yalikuwa mambo ya makaratasi, na mume wangu anayajua vizuri. Ila kujua ni kitu kimoja na kusamehe ni kingine. Tangu msiba ule simu zao zilibaki salamu za sikukuu na "hela imefika, asante".

Ndiyo maana ujumbe ule ulikuja kwenye simu yangu, si kwa mdogo wake. "Shem, mkienda nyumbani nitafutie mkanda wa ngozi ya ng'ombe wa kwetu."

Nilipomsomea mume wangu, akacheka kwa dharau. "Kwani Texas hakuna ng'ombe?"

Wapo, tena wa kumwaga. Nilimwambia hivyo hivyo, kisha nikakata tiketi za ndege mbili.

SIKU YA KWANZA: MASWALI MANNE

Tulianzia Makoroboi, mtaa wa wamachinga katikati ya jiji. Mikanda ipo kibao, lakini mingi ni ile ya kugandishwa kwa gundi: ukiikunja mara tatu inabanduka kama chapati. Tukapanda hadi Mlango Mmoja, tukaulizia mafundi viatu, tukaelekezwa kwa mzee mmoja mwenye msharasi mkononi na miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Mwangaluka," mume wangu akamsalimia Kisukuma. Mzee akaitikia, akaisikiliza shida yetu yote bila kuonyesha mshangao. Kisha akauliza: Kiuno chake kipimo gani? Anachomoa kwa mkono upi? Anauvaa juu ya nini? Risasi yenyewe ina unene gani?

Tukatazamana. Hatukuwa na jibu hata moja.

"Dada," akaniambia, "mkanda usiomjua mwenyewe ni kamba tu."

Texas wakati ule wa mwaka ilikuwa nyuma yetu kwa saa nane. Saa mbili usiku kwetu, kwao ni mchana. Tulikuwa tumekaa kando ya ziwa, sato na ugali viko mezani, nikapiga na kumpa mume wangu simu. "Muulize wewe, mimi mambo ya bunduki siyajui." Uongo mtupu, nilikuwa nimeshasoma.

Alianza kikavu: kiuno, mkono, nguo. Lakini maswali ya fundi hayana jibu la neno moja. Shemeji akaeleza kwamba yeye anatumia mkono wa kushoto, mume wangu akadakia, "Si ndio maana mzee alikuwa anakuchapa mezani!" Nikasikia kicheko kutoka upande wa pili. Nikamalizia sato wangu, nikaanza na wa kwake. Waliongea dakika arobaini.

SIKU YA PILI: BUJORA

Fundi aliomba siku moja ya kukata na kushona, basi tukapanda daladala hadi Kisesa, barabara ya Musoma, tukaenda makumbusho ya Wasukuma pale Bujora. Mahali hapa ni kazi ya Padri David Clement, Mkanada aliyependa utamaduni wa Wasukuma hadi akaujengea nyumba. Kuna ngoma za watemi, kuna banda lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi, na kuna habari za vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu.

Kila mwaka, karibu na Juni, vyama hivyo vinakutana kwenye sherehe ya Bulabo. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, kila kimoja na mavazi yake na mbwembwe zake. Wengine wanacheza na majembe, wengine na nyoka hai. Anayevuta watu wengi zaidi ndiye mshindi.

Baba mkwe wangu alikuwa mchezaji wa Bagalu. Mume wangu alisimama mbele ya vifaa vile muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe kaka anacheza Bulabo ya Wazungu." Ile dharau ya awali sikuisikia tena. Akapiga picha, akamtumia. Jibu lilirudi usiku: "Njuga za mzee ziko wapi?" Akamjibu kwamba ziko kwake, kabatini.

SIKU YA TATU: KUJARIBU

Sasa, utajaribuje mkanda wa risasi bila risasi? Kwetu kumiliki risasi bila kibali ni kosa, na fundi wetu hakutaka hata moja kibandani kwake. Yeye mwenyewe ndiye aliyepata jibu: bomba la plastiki la kupitishia nyaya za umeme, lile la milimita 20. Unene wake unakaribiana sana na wa risasi ya shotigani ya geji 12. Akakata vipande vya sentimita saba, akavichomeka kimoja kimoja.

Vitanzi viliwekwa viwili viwili, halafu nafasi kidogo ya vidole kupita, halafu viwili tena. Mume wangu akauvaa, tukawasha simu ya video. Wamachinga wakajaa.

"Geuka," shemeji akaamuru kutoka Texas. "Ruka. Inama. Chomoa kwa kushoto."

Mume wangu akaruka kama mwali wa mdundiko. Kipande kimoja kikaanguka. Fundi akakiondoa kitanzi kile na kukishona upya. Akaruka tena, hakikuanguka kitu.

Kelele zilipotulia shemeji akauliza, sauti imeshuka, "Kaburi la baba mmeshalijengea?"

Mume wangu alinyamaza kidogo. "Bado. Tunakusubiri uje tujenge wote."

"Nipe hadi Desemba mwakani," shemeji akasema.

Sijui kama atakuja. Mume wangu naye hajui. Lakini tangu siku ile wanapigiana bila kupitia kwangu, na mimi nimepumzika utarishi.

KAMA NAWE UNAMCHAGULIA MWENZIO

Awe mwindaji mwenye kibali, mlenga shabaha, au anataka tu mkanda imara wa ngozi, zingatia haya:

Tazama pale ngozi ilipokatwa. Ngozi iliyotiwa dawa ya kromiamu mara nyingi ina rangi ya kijivu au samawati ndani. Ni laini, nzuri kwa mikoba. Ile iliyolainishwa kwa magome ya miti, kama miwati ya Njombe, huwa ya kahawia hadi katikati, ni ngumu na inashika umbo. Kwa mkanda wa kubeba mzigo, chukua hii ya pili.

Pima kiuno, usisome saizi ya suruali. Mtu avae nguo atakazotumia, uzungushe kamba pale mkanda utakapokaa. Toboa matundu matano, bizimu iingie tundu la katikati. Hapo amebakiwa na nafasi ya kunenepa na ya kukonda.

Vitanzi viwe vya kubana vikiwa vipya, kwa sababu ngozi hutanuka. Vishike nusu ya chini ya risasi, nusu ya juu ibaki wazi kwa vidole. Sheria ya mchezo ule hairuhusu kitanzi kimoja kubeba zaidi ya risasi mbili.

Risasi zisilale kwenye mkanda. Tindikali iliyomo kwenye ngozi ya magome huifanya shaba iote kutu ya kijani. Mchezo ukiisha, zinatolewa.

Lipa nusu, nusu nyingine baada ya kujaribu. Usiione aibu kuruka.

Na ukishamaliza na fundi, usikimbilie uwanja wa ndege. Vuka daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, lenye urefu wa kilomita tatu juu ya maji ambayo zamani ulilazimika kuyasubiria kivuko. Jioni mpeleke mwenzi wako Capri Point. Kama ana ndugu ambaye hawaongei siku hizi, mtafutie jambo la kumuuliza: saizi ya kiatu, urefu wa kanzu, chochote kile ambacho hakijibiwi kwa neno moja.