Wavu Ndani ya Kiini

Msomaji, ukinunua kitunguu katika soko la Timau, chini ya mteremko wa kaskazini wa Mlima Kenya, ubandue ngozi nyembamba iliyo kati ya maganda yake ya ndani, uitie tone la iodini na kuitazama kwa hadubini, utaona vyumba vilivyopangana kama matofali, na katika kila chumba doa moja la hudhurungi. Doa hilo ndilo kiini cha seli. Mimi nimelitazama mara nyingi, na kila mara hunijia swali lile lile: doa hili hupewa umbo na nani?

Desturi yetu ni kulichora kwa duara moja la kalamu, kana kwamba umbo huja lenyewe. Sivyo. Kiini kimevikwa tando mbili laini, zenye vitundu vingi vya kupitishia habari na vifaa, na kitu laini hakijisimamishi. Katika wanyama, mimi na wewe tukiwamo, nyuma ya utando wa ndani umetandwa wavu wa nyuzi za protini ziitwazo lamini. Wavu huo huushikilia utando kama fito zishikiliavyo udongo wa nyumba. Kitunguu hakina lamini hata moja. Kina protini za jamaa nyingine zifanyazo kazi kama hiyo, ambazo mfano wake wa kwanza ulipatikana katika karoti. (Karoti nayo haikosekani katika soko lile lile.)

Wala usidhani kwamba mviringo ndio umbo bora. Chembe nyeupe za damu zinazowahi kwenye kidonda zina kiini kilichogawanyika kama shanga tatu au nne katika uzi, na lamini ya aina ya A ndani yake ni haba sana. Kwa hiyo kiini hujikunja, na chembe hupenya ukuta wa mshipa mahali ambapo kiini kigumu kingekwama. Jeraha la panga shambani hulindwa na umbo hilo linaloonekana kama kasoro.

Lakini iko kasoro ya kweli. Wako watoto, wachache sana ulimwenguni, ambao huonyesha dalili za uzee wangali wachanga: nywele hudondoka, ngozi husinyaa, mishipa ya damu huwa migumu. Bila dawa, wengi hufariki wakiwa na miaka 14 au 15 hivi, yaani umri wako wewe usomaye. Mwaka 2003 iligunduliwa kwamba chanzo ni herufi moja tu iliyobadilika katika jeni la lamini A. Protini izaliwayo hubaki na mkia wa mafuta ambao ulipasa kukatwa. Mkia huo huing'ang'aniza kwenye utando, na kiini hufura na kukunjamana ovyo. Dawa iitwayo lonafarnibu, izuiayo mkia huo usiungwe, iliidhinishwa Marekani mwaka 2020. Haiondoi ugonjwa, ila huwaongezea watoto hao miaka ya kuishi.